Mipira Miwili ya Stelingi

Salvina alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na nane, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mfupi ambaye ilibidi akalie mto ili aone barabara mbele ya boneti. Aliyemfundisha ni mume wake, Thadeus, na alimfundisha mbiombio kama mtu anayeanua kahawa mvua ikiwa tayari imeanza kudondoka. Daktari wa macho mjini Moshi alikuwa amemweleza kwamba ana presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakitarudi, na kilichobaki kitazidi kupungua.

Thadeus alikuwa fundi magari wa chama cha ushirika kwa miaka ishirini na sita. Malori yaliyoteremsha kahawa kutoka vijijini yalipita mikononi mwake, injini kwa injini. Kisha wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa, ushirika ukapunguza wafanyakazi, naye akarudi kijijini kwao Kilema na kiinua mgongo chake. Akanunua Corona nyeupe iliyotoka Japani kwa kupitia Dubai, bado ina kibandiko cha maandishi ya Kijapani kwenye kioo. Watu wa kijijini walimwuliza kibandiko kinasema nini. Yeye akajibu, "Kinasema gari ni la Thadeus."

Aliliendesha mwenyewe miaka miwili tu. Kufikia mwaka wa tisini na tisa alikuwa anatofautisha mwanga na kivuli, mlango na ukuta, basi. Siku aliyomkabidhi Salvina funguo alisukuma sanduku lake la spana chini ya kitanda cha stoo, na hakuligusa tena. Alikaa barazani akipukuchua mahindi, akichambua maharage, akifanya kila alichopewa bila kunung'unika, na bila furaha pia.

Kwa hiyo stelingi ilipoanza kuvuja mafuta, Salvina hakumwambia.

Alipeleka gari kwa fundi mmoja mjini. Yule fundi akabadilisha kampira kadogo ndani ya nusu saa, akafuta mikono kwenye suruali, akamwambia, "Mama, wewe endesha tu." Salvina akaendesha. Lakini mafuta mekundu yaliendelea kudondoka, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule alifungua boneti kimyakimya na kujaza kikopo cha stelingi kutoka kwenye dumu alilolificha kwenye buti. Alifanya hivyo wiki tatu.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, akipanda kutoka mjini, alikuwa amekwisha kuiacha lami na kuanza kona za mlima ndipo akasikia mlio mbele yake kama wa kikaango cha moto kilichomwagiwa maji. Moshi ukatoka pembeni mwa boneti. Alisimama, akaruka nje na pochi yake, akangoja gari liwake moto. Halikuwaka. Moshi ulipopungua alirudi ndani, akawasha, akashika usukani, na usukani ulikuwa mzito ajabu. Zilibaki kilomita tatu. Kila kona aliinuka kwenye kiti, akauning'inia usukani kwa uzito wake wote, huku akimwomba Mama Maria asikutane na lori la ndizi linaloteremka. Kwenye mlango wa kihamba chao, shamba lao la nyumbani, hakuweza kukata kona kwa mara moja. Akaingia na gari kwenye uzio wa masale, akarudi nyuma, akaingia tena. Akazima injini.

Thadeus alikuwa amekwisha kusimama barazani. Alikuja na fimbo yake, polepole, mpaka ncha yake ikagusa boneti. Akavuta pumzi kwa pua.

"Mafuta ya stelingi," alisema. "Yamemwagikia ekzosi. Tangu lini?"

"Leo hii. Nikiwa kwenye kona za chini."

"Mama Gladness."

Salvina aliangalia masale yaliyovunjika. "Wiki tatu," akasema.

"Wiki tatu nasikia pampu inalia kila unapogeuza hapa uani. Nasikia unafungua boneti asubuhi. Nikasema, ataniambia mwenyewe."

"Baba Gladness, sikutaka kukupa mawazo. Nilitaka kukupunguzia mzigo."

"Umenipunguza mimi," Thadeus alisema. Hakupandisha sauti. "Yaliyokufa ni macho. Mimi nipo."

Salvina aliingia ndani, akanywa maji, akarudi akakaa kwenye kizingiti cha mlango. Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa la Jumapili. Mtoto wao Gladness, aliyeolewa na Julius, mkulima wa mpunga kule Chekereni, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na Jumapili hiyo mtoto angebatizwa. Salvina angeweza kwenda kwa gari za abiria. Thadeus asingekwenda. Mwaka uliopita alianguka akishuka kwenye basi katikati ya stendi ya Moshi, watu wakamwinua na kumpangusa kama mtoto, na tangu siku hiyo alisema hatapanda tena gari ambalo haliendeshwi na mke wake.

"Nilipiga simu kwa fundi mwingine kutoka pale parokiani wiki iliyopita," Salvina alisema. "Anasema anaweza kupanda huku Jumanne."

"Jumanne."

"Ndiyo."

Thadeus alipapasa boneti iliyokuwa bado ya moto. Kisha akasema, "Likipoa, kwenye saa kumi hivi, nisindikize stoo. Sanduku nalitoa mwenyewe."

Saa kumi walikuwa uani. Thadeus alikuwa amevaa ovaroli ya ushirika, ya bluu iliyopauka, na ilikuwa imemlegea. Alifungua sanduku na kuzipanga spana juu ya gunia, kubwa kushoto, ndogo kulia, akizipima kwa kidole gumba. Moja ilipokosekana alijua mara moja. "Kumi na nne iko wapi?"

Salvina akakumbuka kwamba aliitumia kukaza kiti cha jikoni. Akaenda kuileta.

"Sasa sikiliza, mwalimu," Thadeus alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na mzaha. "Leo wewe ndiye darasa la tatu. Hapa kuna mipira miwili. Mmoja unatoka kwenye pampu na kupeleka mafuta kwenye stelingi. Huo unabeba presha kubwa, ndiyo maana umefungwa na vyuma huku na huku. Mwingine unayarudisha mafuta kwenye kikopo. Huo hauna presha, umebanwa na klipu tu. Upi umepasuka?"

Salvina aliinama, akamulika kwa tochi ingawa jua lilikuwa bado juu. "Siwezi kujua. Kote kumejaa mafuta."

"Basi yote miwili inatoka."

Aliinamia injini. Salvina alimwona akiingiza mkono wa kulia nyuma ya injini, kule chini karibu na ukuta wa gari, mpaka kwenye kiwiko, kisha mpaka begani, shavu lake likiwa limelala juu ya chuma. Alipapasa kwa muda mrefu. Salvina akajipenyeza kwa upande wa pili na tochi yake, akijaribu kummulikia pale mkono ulipo.

"Unafanya nini?"

"Namulika."

"Unammulikia nani?"

Salvina alizima tochi. Kisha akaanza kucheka, hakuweza kujizuia, na Thadeus naye akacheka, shavu likiwa bado limelala kwenye chuma, mpaka akakohoa.

"Nati ya huku nyuma," alisema alipopata pumzi, "hata fundi mwenye macho manne haioni. Kule gereji tulikuwa tunaifungua hivihivi, tunaangalia juu dirishani kama watu wanaosali. Nilikuwa nimesahau. Nipe kumi na saba."

Alimpa. Spana ikaingia gizani. Thadeus alivuta, akapumua, akavuta tena, na nati ikalia mara moja na kulegea. Uso wake ulibadilika. Salvina alikuwa ameishi na uso huo miaka ishirini na saba na aliujua, lakini tangu alipokabidhiwa zile funguo hakuwahi kuuona ukiwa hivyo. Aliinama haraka kuweka beseni chini ya gari, mafuta yakadondokea humo.

Jua lilipoanza kuzama nyuma ya migomba, mipira yote miwili ilikuwa imelala juu ya gunia. Thadeus aliipitisha yote vidoleni kama rozari. Mfupi alipoufikia, alisimama, akaubonyeza.

"Huu umevimba," alisema. "Umekuwa laini kama ndizi iliyoiva. Nani aliuweka?"

"Yule fundi wa mjini."

Thadeus alitikisa kichwa tu. "Kesho peleka yote miwili Njoro, kule mjini, kwa Khalid. Anatengeneza mipira ya matrekta, ana mashine ya kubania. Mwambie vyuma hivi vya mwisho avihifadhi, abadilishe mpira peke yake. Urefu usizidi hata inchi. Na hii pinda ibaki ilivyo."

Ijumaa Salvina aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akafunga mipira kwenye gazeti, akateremka kwa gari za abiria. Kiboriloni ilikuwa siku ya gulio na barabara ilijaa watu wenye mafurushi ya nguo, kwa hiyo alifika Njoro karibu saa tano. Duka la Khalid alilikuta limefunguliwa, lakini aliyekuwa nyuma ya mashine alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kajitanda mtandio, mikono imechafuka grisi mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mzee Khalid."

"Baba siku hizi anapumzika. Mimi ni Nasrin, binti yake. Kazi zote nafanya mimi. Lete tuone."

Nasrin alifungua gazeti. Mpira mfupi hakuuangalia mara mbili. Alichukua kisu, akaupasua kwa urefu, akauonyesha ndani. Ulikuwa umemeguka vipande vyeusi kama mkate ulioloweshwa chai.

"Huu ni mpira wa maji, mama. Mafuta yanaula. Na hivi vipande vimeingia kwenye mfumo. Mwambie fundi wako aoshe kikopo na achuje mafuta kabla ya kufunga. Fundi wako ni nani?"

"Mume wangu. Thadeus. Alikuwa ushirika."

Nasrin aligeuka kuelekea mlango wa nyuma. "Baba! Mzee Thadeus wa ushirika katuma mpira!"

Mzee Khalid alitoka taratibu, kanzu yake safi kabisa, miwani puani. Alimsalimia Salvina kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani, za kahawa, za watoto. Kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe mbona hakuja? Ananiogopa?"

Salvina alifikiria kusema kwamba ana kazi. Alikuwa amezoea kusema hivyo kila mahali. Badala yake akasema, "Haoni tena, mzee wangu. Lakini mipira hii kaifungua yeye, jana."

Khalid alimtazama. Hakusema pole. Alichukua ule mpira mrefu, wa presha, akauzungusha kwenye mwanga wa dirisha mpaka akapata alichokuwa anakitafuta, akakigusa kwa ukucha.

"Mwambie Thadeus ashike hapa. Huu mpira haukupasuka kwa uzee. Umesuguliwa. Kuna chuma unakigusa. Akifunga mpya bila kukitafuta kilichousugua, tutaonana tena mwezi ujao." Akamgeukia binti yake. "Mpe na washa mpya, hizi pete za shaba, mbili. Zile za zamani asirudishe."

Nasrin alikata mpira mpya wenye nyuzi za chuma ndani, akaupima kwa ule wa zamani mara tatu, akaubana kwenye mashine. Kulikuwa na mlio mzito, mfupi. Akakata na mfupi, wa mafuta. Kabla ya kuifunga kwenye gazeti aliipulizia upepo ndani na kuziba ncha kwa vitambaa, ili vumbi lisiingie. Salvina aliondoka akiwa ameibeba mipira kifuani kama anabeba mtoto mchanga.

Jumamosi walianza baada ya chai. Ukungu ulikuwa bado umekalia migomba. Salvina aliinua gari kwa jeki, na Thadeus hakukubali kuingia chini mpaka awekewe magogo mawili ya mgrevilea, na mpaka yeye mwenyewe ayasukume kwa bega na kuona hayachezi. Kisha akalala chali juu ya gunia, akajivuta chini ya gari mpaka ikabaki miguu.

Kikopo kilioshwa kwa mafuta ya taa, kikapanguswa. Salvina aliona vipande vyeusi vikitoka, akamhesabia kwa sauti mpaka vikaisha. Kisha akampitishia mpira mrefu kutoka juu, naye akaupokea chini.

"Subiri," Thadeus alisema. "Khalid alisema umesuguliwa wapi?"

"Karibu na ile pinda. Kama shibiri moja kutoka kwenye nati."

Mkono wake ulionekana ukipanda taratibu kwenye ukuta wa injini. Ulikwenda, ukarudi, ukasimama. "Hapa kuna tundu la boliti, tupu. Kulikuwa na kishikio cha kuuweka mpira mbali na bodi. Yule bwana alikifungua akatupa, au kilimpotea. Mpira ukawa unacheza na kujikata kwenye huu ukingo." Akatoka chini ya gari, uso una tope la mafuta. "Nitafutie kipande cha bati gumu. Ule mkanda wa pipa la zamani, kule nyuma ya banda la ng'ombe."

Thadeus alikata kwa msumeno, akakunja kwa nyundo juu ya jiwe, akatoboa tundu kwa msumari na nyundo. Mara moja alijigonga kidole, akasema neno la Kichagga ambalo Salvina alijifanya hakulisikia. Alikizungushia kile kishikio kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili kisikwaruze, akakijaribu kwenye mpira mpya, akaongeza kukikunja. Hakuwa na haraka yoyote.

Thadeus alipokuwa chini ya gari tena, jirani yao Kornel alipita akienda kwenye mnada wa mbuzi, akaona miguu yake, akasimama, akamwita kwa Kichagga.

"Mbe Thadeus! Umeanguka?"

"Nipo kazini."

Kornel alimtazama Salvina kwa mashaka, akashusha sauti, ingawa haikushuka vya kutosha. "Mama Gladness, si mngengoja fundi?"

"Fundi yupo," ilijibu sauti kutoka chini ya gari. "Hivyo umesimama, shika huo mpira hapo juu, usiupinde."

Kornel alishika mpira. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la mnadani na alilazimika kusimama kwa ncha za vidole vya miguu, akijipinda kama mtu anayeruka dimbwi. Thadeus aliianza nati ya nyuma kwa vidole. Salvina alimsikia akihesabu mizunguko, moja, mbili, kisha akairudisha nyuma yote.

"Imekataa?" Salvina aliuliza.

"Imeingia upande. Nati ikikataa vidole, usiende kuishtaki kwa spana. Kornel, nyanyua kidogo. Kidogo, nimesema. Hapo."

Mara ya tatu nati iliingia yenyewe mpaka mwisho. Kisha ikaja zamu ya boliti ya kwenye pampu na zile washa za shaba, moja juu, moja chini, na kazi hiyo Thadeus alimwachia Salvina kwa kuwa mkono wake ni mdogo na pale panabana. Aliikaza mpaka Thadeus, aliyeweka kidole kwenye boliti, akasema, "Basi, inatosha, usiikate." Mpira mfupi pia alifunga Salvina mwenyewe. Kornel aliachiwa akaenda mnadani, shati lina doa jekundu mkononi, na inaelekea huko alimweleza kila mtu.

Walijaza mafuta. Thadeus alimwagiza mkewe aketi ndani, injini ikiwa imezimwa, ageuze usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mara nyingi, huku yeye amelala kifua juu ya boneti amezamisha ncha ya kidole kwenye kikopo akisikiliza mafuta yanavyoshuka. Alipoona yametulia, aliondoa mkono, akasema, "Washa."

Salvina aliwasha. Mafuta yakaruka kutoka kwenye mpira mfupi, yakampata Thadeus kifuani, shingoni na kwenye kidevu.

"Zima! Zima!"

Alizima, akakimbilia mbele. Thadeus alikuwa amesimama wima, mafuta yanamchuruzika, anapapasa klipu kwa kidole.

"Umeibana kwenye ncha kabisa," alisema. "Imeteleza."

"Mungu wangu. Nisamehe, Baba Gladness."

"Kila anayejifunza kazi hii huyamwaga mara moja. Mimi nilimmwagia mzungu wa ushirika, suti yote." Akampa bisibisi. "Ilegeze. Isogeze ndani, kidole kimoja kutoka kwenye ncha. Sasa kaza."

Mara ya pili hakuna kilichoruka. Pampu ilikoroma kama ng'ombe mwenye njaa. Salvina aligeuza usukani huku na huku, mafuta yakatoa povu, wakaongeza, wakangoja, wakaongeza tena. Ile sauti ikapungua, ikawa mlio mwembamba, kisha ikaisha. Thadeus aliinua kidole kumtaka anyamaze, ingawa Salvina hakuwa amesema kitu. Walisikiliza injini peke yake. Kuku walirudi chini ya miti ya kahawa.

"Angalia chini," Thadeus alisema. "Kuna tone?"

Salvina alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye viungio vyote kama alivyofundishwa. Kilitoka kikavu. "Hakuna."

"Angalia tena."

"Hakuna, Baba Gladness."

Jumapili waliondoka alfajiri na mapema, buti limejaa mikungu miwili ya ndizi za mtori, dumu la maziwa na kindoo cha pombe ya mbege kwa ajili ya wakwe. Kona za mlima Salvina alizikata kwa mkono mmoja, makusudi, na akamwambia mumewe kwamba anazikata kwa mkono mmoja. Thadeus alisema, "Tumia miwili, unaendesha familia." Lakini alikuwa ameegemea kiti, dirisha limefunguliwa, anataja kila mahali wanapopita kwa harufu na kwa mitetemo: hapa wanakausha kahawa, hapa daraja, hapa lami.

Chekereni kulikuwa na joto, na mtoto alilia kanisani tangu maji yalipomgusa mpaka wimbo wa mwisho. Walimbatiza Elizabeth. Nyumbani kwa Julius kulipikwa wali wa mpunga mpya na nyama, na Thadeus aliwekwa kwenye kiti kikubwa kivulini, akapewa mjukuu. Alimshika vizuri. Alimpapasa masikio, pua, vidole vya miguu kimoja kimoja, akamwambia Gladness kwamba huyu ana vidole virefu, huyu ni wa kushika spana. Gladness akasema labda, lakini kwanza atasoma.

Walipomaliza kula, Thadeus alimwita Julius pembeni. "Hapa kuna uwanja wa mpira?"

"Upo, baba. Ule wa shule. Karibu tu."

"Leo kuna mechi?"

"Hapana. Jua hili, nani atacheza?"

"Twende na gari."

Julius hakuelewa mpaka walipofika katikati ya uwanja, ambao ulikuwa mkavu na mtupu, hauna hata mti, na Thadeus akafungua mlango wake, akazunguka gari akiligusa, akasimama kwenye mlango wa dereva.

"Mama," Julius alimnong'oneza Salvina, "utamwachia?"

Salvina alikuwa bado ameshika usukani. Aliangalia uwanja pande zote nne. Kisha akautoa ule mto kwenye kiti, akahamia upande wa abiria.

"Aliyetengeneza ndiye anayejaribu," alisema. "Wewe Julius shuka, ukae mbali."

Julius alishuka upesi sana.

Thadeus alikaa. Alivuta kiti nyuma, akagusa gia, akagusa breki, akaweka mikono juu ya usukani na kuiacha hapo kwa muda. Akawasha. Gari likaondoka taratibu, kwa gia ya kwanza, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua.

"Nyoosha," Salvina alisema. "Nyoosha hivyohivyo. Sasa kushoto. Endelea kushoto. Zaidi. Rudisha."

Walizunguka uwanja mara moja. Mara ya pili aliingiza gia ya pili. Kwenye goli la kusini Salvina alisema kulia kwa sauti kubwa zaidi ya alivyokusudia, na Thadeus akageuza kwa vidole viwili tu, akicheka, usukani ukageuka laini kama siagi. Vumbi liliwafuata. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi pembeni walianza kushangilia bila kujua wanashangilia nini. Mara ya tatu, mara ya nne. Salvina hakuwa anashikilia mlango tena.

Mwisho alisimamisha gari, akazima, akasikiliza injini ikipoa. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Inakwendaje?" Salvina aliuliza.

"Stelingi ni nzuri sana," Thadeus alisema. "Lakini inavuta kidogo kushoto. Hujaangalia upepo wa tairi la mbele huko kushoto, mama."

Salvina akachungulia dirishani. Lilikuwa kweli limelala kidogo. Akampungia Julius aje, amuulize nani hapo kijijini ana pampu ya upepo.